Ile Pesa na Namba ya Siri: Istilahi za Simu na Haki ya Kuelewa



Tunapojadili istilahi, kwa kawaida huuliza maswali mawili: neno limeundwa kwa njia gani, na limekubalika kwa kiasi gani. Leo naomba tuongeze la tatu: je, neno hilo linamwezesha mtumiaji kujua kinachotendeka kwa fedha zake na maneno yake? Nitalijadili swali hilo kwa kutazama istilahi za simu kama zinavyotumika katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, ambako asiyeelewa neno moja huweza kupoteza kodi ya nyumba ya miezi sita.

Tuanze na neno 'simu' lenyewe. Asili yake ni Kiajemi, na moja ya maana zake huko ni waya. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na kwa miongo mingi 'kupeleka simu' kulikuwa kupeleka telegramu. Mawasiliano ya redio yalipokuja yakaitwa 'simu ya upepo', yaani, tukifuata asili ya neno, waya usio na waya. Simu ya mkononi ilipoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 1994, waya ulikuwa umekwisha kutoweka mbele ya macho ya mtumiaji. Hata hivyo wasemaji waliurudisha kwa jina la mkopo, 'laini'.

Laini hiyo ni kadi ndogo inayobeba utambulisho wa mteja pamoja na ufunguo ambao mitambo ya kampuni huutumia kumtambua. Namba tunayopigiwa huunganishwa na utambulisho huo katika kumbukumbu za kampuni. Ndiyo maana kadi ikipotea, mteja huweza kupewa nyingine yenye namba ileile. Na ndiyo maana pia mhalifu akifaulu kujipatia kadi mpya kwa jina la mwingine, huwa ameichukua namba ya mwenziwe bila kuigusa simu yake.

Simu huwasiliana na mnara kwa njia ya mawimbi ya redio. Kila mnara huhudumia eneo dogo, hivyo abiria anayezungumza na simu ndani ya daladala, kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo, hukabidhiwa kutoka mnara hadi mnara bila yeye kujua. Idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja tumeiita 'masafa', neno ambalo katika lugha ya kila siku ni umbali. Asiyeelezwa atadhani kuwa masafa ya juu ni mawimbi yanayofika mbali zaidi. Kumbe kwa kawaida, kadiri masafa ya simu yanavyopanda, ndivyo eneo linalohudumiwa na mnara linavyopungua. Istilahi imesanifiwa, lakini maana yake ya zamani inampotosha msomaji.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na taasisi yetu ya uchunguzi wa Kiswahili hapa Chuo Kikuu zimefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi. Lakini 'vocha', 'bando' na 'kubipu' hayakusubiri kikao. Kubipu ni kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, ili mwenzako akupigie kwa gharama yake. Mtaa ulihitaji neno kwa sababu ulikuwa na uhitaji, na neno likapatikana. Huduma ya pesa kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, kibanda cha wakala pale Tandika, Tandale au Mwananyamala kikawa darasa la istilahi. Katika darasa hilo naomba tuchunguze mafungu matatu ya maneno.

La kwanza ni 'namba ya siri'. Kwa sura yake ni istilahi bora, kwa kuwa inabeba sharti lake ndani yake. Neno 'nywila', lililomo katika maandishi ya kompyuta, halimwambii mama muuza maandazi lolote. Lakini tuchunguze dhana ya siri katika utamaduni wetu. Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Kwetu siri hupewa mwandani, na kumpa mtu siri ni kumheshimu. Kwa hiyo mama anapomkabidhi kijana wa kibandani simu yake na kumwambia, "Mwanangu, nibonyezee, namba yenyewe ni hii," machoni pake hajavunja siri yoyote. Ameiweka kwa mtu anayemwamini. Siri ya mitambo ni ya namna nyingine kabisa: haina mwandani. Mume, mtoto, wakala, hata mfanyakazi wa kampuni, wote wako nje yake. Tumelitafsiri neno, dhana hatujaifikisha.

La pili ni 'muamala umesoma'. Neno 'muamala' tulilikuta katika vitabu vya fikihi na biashara. Leo muuza matunda wa Temeke hulitamka mara nyingi kwa siku. Naye mteja huuliza, "Imesoma?" Kitenzi 'soma' hapa kina maana mpya: malipo yameonekana. Lakini yameonekana wapi? Ujumbe mfupi ni habari tu, na habari huweza kuandikwa na yeyote. Salio ni kumbukumbu iliyomo katika mitambo ya kampuni. Tapeli huiga maneno ya ujumbe wa malipo, muuzaji akausoma na kutoa bidhaa, ilhali salio halijabadilika. Muuzaji anayeijua tofauti hiyo hufungua orodha ya huduma kwa nyota na alama ya reli, akatazama salio lake kabla ya kufunga mfuko.

La tatu ni sentensi ambayo nchi nzima inaijua: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Wanafunzi wa sarufi wataona mara moja kwamba nguvu ya sentensi hii imo katika kionyeshi. Tukisema 'pesa ile', twaweza kuwa tunaonyesha kitu kilicho mbali. Tukikitanguliza kionyeshi, 'ile pesa', twadai kwamba msemaji na msikilizaji wanakijua kitu hicho tayari. Tapeli hajui pesa yoyote. Huliacha pengo, na mpokeaji hulijaza mwenyewe. Katika nyumba za wapangaji za Mbagala au Manzese, ni nani asiyekuwa na 'ile pesa'? Ipo kodi ya mwenye nyumba, upo mchango wa harusi, ipo zamu ya upatu, yapo marejesho ya kikoba. Ujumbe mmoja, ukitumwa kwa watu elfu, utamfikia mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa akisubiri namba ya kutumia fedha. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imetenga namba 15040 ili wananchi wawasilishe namba za matapeli. Hatua hiyo ni njema. Somo la vionyeshi nalo lina nafasi yake: anayejua kuuliza "ipi?" amekwisha kujikinga.

Si matapeli peke yao wanaonufaika na utata. Neno 'muda' katika 'muda wa maongezi' ni fedha inayohesabiwa kwa shilingi. Katika 'muda wa matumizi' ni siku au saa. Mteja huambiwa kwamba muda wa kifurushi umekwisha, naye anaona alikuwa na dakika alizolipia ambazo hakuzitumia. Furushi la kawaida halifunguki lenyewe usiku wa manane. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kwa msingi huo twaweza kudai kwamba hata 'vigezo na masharti' viandikwe kwa maneno yanayoeleweka na anayefungwa nayo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, fasili katika kamusi zetu zitaje matokeo. Kwa mfano: namba ya siri ni tarakimu zinazofungua akaunti ya fedha ya mtu, zisizopasa kujulikana na mwingine yeyote, hata mwenzi, wakala au mfanyakazi wa kampuni. Pili, istilahi ijaribiwe kabla ya kuchapishwa, na ijaribiwe vibandani: mwanafunzi aende Tandika, alitaje neno, kisha asikilize linavyoelezwa na watu wasiomfahamu. Likielezwa kinyume, kosa si la mtaa.

Watu wa Temeke na Kinondoni wamekwisha kutuonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya simu. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayelipa anaelewa maneno anayolipia.