Mashine Iandike Barua, Sahihi ni Yako



Leo tuongee juu ya barua. Ile barua ya kuuliza ofisi ya kaunti: pesa za basari zilizotengewa wadi yetu ni ngapi, wanafunzi wangapi walipata, na walichaguliwa vipi?

Wengi wetu hatuiandiki. Tunalalamika kwa WhatsApp, basi. Mmoja anasema hajui Kiingereza cha ofisi, mwingine hana pesa ya kulipa mtu wa saiba amchapie. Lakini Katiba, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

Siku hizi programu ya akili unde kama ChatGPT inaweza kukuandalia barua hiyo na kukupa faili unayoipakua kwa simu. Mwaka wa 2024 vijana wa Kenya walitengeneza Finance Bill GPT, ikawasaidia watu kuelewa Mswada wa Fedha kwa kuuliza maswali tu. Chombo tunacho. Tujue kukitumia.

Iambie wazi: barua inaenda ofisi gani, unataka habari gani, ya mwaka gani, ukurasa mmoja, Kiswahili. Omba faili ya Word kwanza, kwa sababu hiyo utaweza kuirekebisha. PDF ije mwisho.

Lakini kuna mambo matatu ya kuchunga.

Kwanza, mashine hubuni. Inaweza kukutajia kifungu cha sheria ambacho hakipo, tena kwa kujiamini kabisa. Fungua sheria yenyewe kwa tovuti ya Kenya Law, ulinganishe. Ukipeleka uongo, karani atakuwa na sababu ya kukucheka na kuitupa barua yako.

Pili, usiipe siri za watu. Namba ya kitambulisho, simu ya mama mjane, majina ya watoto: acha nafasi wazi, ujaze kwa kalamu baadaye.

Tatu, pakua faili hapo hapo, maana linki huisha nguvu. Ifungue uisome mpaka mwisho. Kama uko saiba, ifute kwa kompyuta na utoke kwa akaunti yako.

Halafu sasa kazi yenyewe. Chapisha nakala mbili, weka sahihi, peleka ofisini. Moja ibaki kwao, nyingine wakupigie muhuri wenye tarehe. Kutoka siku hiyo wana siku 21 za kukujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, beba nakala yenye muhuri uende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita Ombudsman.

Na mzee asiyejua kusoma, hana simu? Sheria haijamsahau. Akiomba kwa mdomo, afisa anapaswa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Msindikizeni.

Faili iliyolala kwa simu haimsumbui mtu yeyote. Barua yenye muhuri inasumbua. Wiki hii kila wadi ipeleke moja.