Maji ya Chumvi Yanatoboa Chuma Kigumu



Leo tuzungumze juu ya chuma. Chukueni gololi ya baiskeli, mjaribu kuikata kwa tupa. Tupa inateleza tu. Gololi ni chuma cha pua kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Je, chuma kama hicho kitatobolewaje tundu dogo kabisa? Keekee nyembamba itavunjika. Kikipashwa moto tena, ugumu utapungua.

Njia moja ni umeme na maji ya chumvi. Sote tunajua chumvi inavyokula jembe. Viwandani kazi hiyo huharakishwa. Chuma kinachotobolewa huungwa upande wa chanya wa umeme. Sindano ya kutobolea huungwa upande wa hasi. Kati yao hupita maji ya chumvi. Havigusani hata kidogo. Umeme ukipita, chuma kinaliwa kidogo kidogo bila moto, na maji yanakiondoa kama tope la kutu. Sindano hailiki, na chuma kinabaki na ugumu wake.

Lakini maji yako kila upande, kwa hiyo tundu lilikuwa likipanuka ovyo. Mwaka 2000 wataalamu wa Berlin, Ujerumani, wakiwemo Rolf Schuster na Gerhard Ertl, walionyesha dawa yake. Walitoa umeme kwa vipigo vifupi mno. Gawa sekunde 1 mafungu milioni 1,000: vipigo vyao vilipimwa kwa mafungu hayo. Kwa muda huo, sehemu iliyo karibu kabisa na sindano ndiyo tu inayowahi kuliwa.

Hayo yanatuhusu nini? Tutazame mashine ya kusaga ya dizeli. Nozeli yake ni chuma kigumu chenye matundu madogo sana. Viwandani, umeme na maji ya chumvi hutumika kulainisha kingo za ndani za nozeli kama hizo, ili dizeli itoke kama ukungu. Sasa mtu akichokoa tundu kwa waya, ameliharibu. Dizeli itatoka kwa matone, moshi mweusi utajaa, mafuta yatakwisha upesi, na kina mama watarudi na mahindi yao hayajasagwa. Nozeli ikiziba, tuipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kuipimia.

Tunawaonya: msijaribu kazi hii nyumbani. Umeme ndani ya maji ya chumvi unaua. Na mapovu yanayotoka ni haidrojeni, gesi inayolipuka.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini sindano hailazimiki kuwa ngumu kuliko chuma?
2. Nani anatunza nozeli ya mashine yetu?