Habari Imfike Mama Kwanza



Leo nina picha moja moyoni. Iliingia kwenye grupu la WhatsApp muda mfupi baada ya duara, yaani shimo la wachimbaji, kutitia kwenye machimbo ya huku kwetu Usukumani. Kifusi chekundu, watu wameshika sululu, na pembeni mguu umetokeza chini ya turubai. Buti la mpira, limefungwa juu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Uso hauonekani. Lakini mtu akauliza palepale: "Huyu si kijana wa yule mama muuza dagaa?" Mwingine akajibu ndiye, ile tyubu anaijua. Picha ikaruka grupu hadi grupu, na mama mwenyewe bado yuko gengeni, anapima dagaa kwa kopo.

Sisi tuna namna yetu ya kupeleka msiba. Huchaguliwa mtu mzima. Akifika hatamki neno la msiba. Husalimia, huomba maji ya kunywa, huuliza nani mwingine yupo nyumbani. Shangazi anaitwa, jirani anasogeza kiti. Hata hapo anaweza kuanza kwa kusema tu kwamba mgonjwa hali yake si nzuri, twende. Wengine huona ni kuzunguka. Hapana. Ni kuhakikisha kwamba neno likitoka, ipo mikono ya kumdaka anayeanguka.

Na mara nyingine habari yenyewe haijaiva. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa. Siku zikapita, wiki zikapita, na wengi wakawa wamekwisha kuwahesabu wafu. Siku ya 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Siku 41, msikilizaji! Walikuwa wakila mende na vyura, wakinywa maji yanayochuruzika kwenye mwamba. Sasa fikiria mtu aliyekwisha kuweka picha ya mmoja wao kwenye statasi, na maneno ya kumlaza pema. Anaifuta vipi? Anayafuta vipi machozi yaliyokwisha kumwagika?

Januari 2017, mgodi wa RZ Union huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walikaa chini ya ardhi siku tatu. Waokoaji walipofanikiwa kuwafikia kwa bomba, karatasi ilipanda kutoka gizani ikiwa na majina yao. Naifikiria sana karatasi ile. Ile ndiyo orodha ya kuaminiwa, imeandikwa na waliokuwa ndani. Zetu za huku juu huandikwa na asiyejua hata duara lina urefu gani.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayesambaza taarifa za uongo mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini buti lile halikuwa uongo. Mguu ulikuwa wa kweli, na jina lilikuwa la kweli. Kwa hiyo sitegemei kifungu hicho leo, nakutegemea wewe.

Maana Usukumani tunajua neno la kupokezana linafanya nini. Kabla ya simu kufika, bibi zetu walikatwa mapanga kwa sababu mtu alisema fulani ana macho mekundu, ni mchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi, miaka mingi ya kupikia samadi ya ng'ombe, kwa sababu miti ilikwisha na kuni hazikupatikana. Hakuna aliyeuliza kuhusu jiko. Neno lilitoka nyumba hii likaingia ile, na kila aliyelipitisha alisema yeye amelisikia tu. Nikiona "imefowadiwa mara nyingi" juu ya picha ya mtu, nawakumbuka wale bibi.

Basi duara likititia na wewe upo, simu yako ina kazi. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji, polisi, ofisi ya madini. Mtafute msimamizi wa duara, muulize nani waliingia zamu ile. Ukipiga picha, piga gema lilivyokatika na matimba ya kushikilia duara yalivyovunjika, umpe mkaguzi wa migodi, na ikomee kwake. Anayekuomba akuone "live" mwambie asubiri.

Yule mama hakuombwa maji na mtu. Mteja ndiye aliyemnyooshea simu, akimuuliza kama analijua hili buti. Alilijua. Ile tyubu aliikata yeye mwenyewe alfajiri ile, kwa kisu chake cha gengeni, kwa sababu mwanawe alilalamika kwamba tope linamwingia.