Kura ya Komini na Deni la Mjomba



Wapenzi wasikilizaji, ninyi mliokusanyika penye redio mbele ya kanisa, nanyi akina mama mnaosikiliza huku mkianika ndagala, leo twaliacha kidogo somo la Sakramenti kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka kijiji kimoja cha barabara ya Nyunzu. Aliyeiandikisha ni mama mkatekumeni. Mwanawe akaa Kalemie, katika komini ya Lukuga. Mjomba wa kijana huyo ndiye aliyemlipia shule, akamtafutia na nyumba ya kupanga. Mwaka 2023 mjomba alisimama apate kuwa mshauri wa komini, akashindwa. Sasa atangaza kwamba atasimama tena. Kijana amemnong'oneza mama yake kwamba moyo wake wamtaka mtu mwingine, mwalimu asiye wa kabila lao. Basi mama auliza: Je, mwanangu atamkosea Mungu akimnyima mjomba kura yake?

Labda wengine mtasema: Haya ni ya watu wa mji, sisi wa vijiji yatuhusu nini? Ni kweli kwamba tarehe 20 Desemba 2023, taifa lilipochagua rais na wabunge, washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake, na Kalemie ni mmoja wa miji hiyo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Lakini samaki zenu mnaziuza wapi? Kodi ya meza sokoni, mfereji ulioziba, takataka zilizorundikana kando ya njia, hayo ndiyo mambo ya komini. Tena mwajua kwamba kipindupindu hakijaacha kuurudia mji wetu wa ziwani. Mama akinywa maji machafu sokoni, ugonjwa hauulizi kama yeye ni wa mji au wa kijiji.

Tena sikilizeni jinsi kura moja inavyopanda. Wananchi wawachagua washauri wa komini. Washauri wamchagua bulugumesta wao, na kupitisha hesabu ya fedha za komini. Hao hao, kwa sheria ya nchi, ndio wawachaguao washauri wa mji mzima, na washauri wa mji wamchagua meya. Kwa hiyo aliyeiuza kura yake kwa mfuko wa chumvi ameuza na meya ndani yake, wala hakujua.

Sasa turudi kwa mjomba. Deni lake ni deni la kweli, wala asije mtu akamfundisha kijana kulidharau. Mjomba akiugua, kijana ampeleke hospitalini. Akizeeka, amlimie shamba. Lakini deni la mtu hulipwa kwa mali ya mdaiwa mwenyewe. Kura si mali ya kijana peke yake; ndani yake mna mfereji wa jirani na maji ya mtoto wa jirani. Mtu hawezi kulipa deni lake kwa mbuzi wa watu wengine. Katekisimu ya mwaka 1992, katika nambari 2240, yaihesabu kura miongoni mwa wajibu wa raia, pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi.

Ikiwa mjomba ni mtu anayefaa kweli kweli, amchague kwa furaha. Undugu si kosa. Amtazame tu kama angemtazama mgeni. Je, fedha za chama cha maziko alizitunza vipi? Alipokuwa na ugomvi wa kiwanja, alisema kweli? Yetro, mkwe wa Musa, alimshauri atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, waaminifu, wachukiao rushwa. Mwaweza kusoma habari hiyo katika Kutoka, sura ya 18. Kabila lao hakulitaja kuwa sifa.

Nasi wa Katanga ya zamani tumeonja matunda ya kuhesabu makabila. Desemba 1957 Wakongo walipiga kura za komini kwa mara ya kwanza, katika Leopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wanaume tu walipiga. Mama zetu waliachwa nyumbani. Huko Élisabethville wengi wa mabulugumesta waliochaguliwa walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Je, walitawala vibaya? Hilo halikuulizwa sana. Lililoulizwa ni wametoka wapi. Oktoba 1958 kikazaliwa chama cha Conakat, na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga. Ziko sababu nyingine nyingi, za madini na za wageni, lakini uchungu wa kura zile ulikuwamo. Tena miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakilala na watoto wao katika stesheni za reli. Nayo mapigano ya Wabatwa na Waluba katika jimbo letu hili, nani kati yenu hakupokea mkimbizi?

Mama auliza pia: Kijana akiupokea mfuko wa chumvi wa mgombea, je, amefungwa? Afadhali asiupokee. Lakini kama aliupokea kwa sababu ya njaa, au kwa hofu, ahadi ya kutenda neno baya haimfungi mtu. Wala mtoa chumvi hataona kitu. Mwaka 2023 mpiga kura alisimama peke yake mbele ya mashine, akaandika nambari ya mgombea, akaiona sura yake, akapokea karatasi, akaikunja na kuitia sandukuni. Alitoka na wino kidoleni, basi. Tusifiche kwamba wengine waliiba: Januari 2024 Tume ya Uchaguzi iliwafutia kura wagombea 82 kwa udanganyifu na ukorofi. Lakini wizi wa hao haukumpa mtu ruhusa ya kuiuza ya kwake.

Msiniulize jina la kuandika. Padre haruhusiwi kushika utawala wa serikali, naye asimtawale mpiga kura kwa mlango wa nyuma.

Kwa kijana nasema hivi: aende kwa mjomba mapema, kabla ya kampeni, na kuku mkononi kama desturi ilivyo, amwambie kwa heshima, uso kwa uso: Mjomba, nitakutunza, lakini kura nitaipiga kwa dhamiri yangu. Mjomba atakasirika, pengine kwa mwaka mzima. Mama, uwe tayari kukaa kati yao siku ile, wala usimwache mwanao aende peke yake.

Juma lijalo tutarudi kwenye Kipaimara.