Keki Bila Mayai, na Yai Apewe Mtoto

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Garissa)

Wazee mliokaa pale chini ya mti, msione kwamba leo ni mambo ya wanawake peke yao, maana katika nyumba nyingi pesa za unga na sukari hutoka mfukoni mwenu.

Vikundi kadhaa vimeniuliza swali moja: je, keki inaweza kuumuka bila yai? Ndiyo, inaumuka, tena vizuri. Nitawaeleza namna mbili. Lakini nataka tuongee pia juu ya lile yai lenyewe. Tukilitoa kwenye keki, liende wapi?

Kwanza tusione kwamba kuoka bila yai ni jambo geni. Anjera ya asubuhi ina yai gani? Ni unga, maji na uchachu wa jana, basi. Mahamri je? Na mofa, ule mkate wa mtama au mahindi ambao Wasomali huuita muufo na watu wa pwani huuita mkate wa mofa, nao hauna yai. Bibi zetu walikuwa waokaji. Hii tabia ya kuvunja mayai matatu manne katika keki moja tumeipata juzi tu, kutoka kwenye vitabu vya watu wenye kuku wengi.

Sisi kuku si mfugo wetu wa asili. Mtu wa ngamia na mbuzi hahami na kuku. Kwa hiyo mayai mengi ya madukani hapa hutoka bara. Nairobi ni kama kilomita 370, yai linapita Thika, linapita Mwingi, na jua la huku mnalijua. Likifika limechoka, na bei imepanda. Mengine yamepasuka njiani, na hayo huuzwa rahisi. Usinunue yai lenye ufa hata ukipewa kwa nusu bei, kwa sababu vijidudu vya kuharisha hupitia pale. Lile zima ulitie kwenye bakuli la maji: likizama na kulala, ni jipya, likielea, litupe.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, yai moja ni shilingi 20. Kikundi kinaoka keki nne kwa wiki za kuuza, kila keki mayai matatu. Hayo ni mayai 12, shilingi 240 kila wiki, karibu elfu moja kwa mwezi. Kila kikundi kiweke bei ya duka lake na kipige hesabu yake. Halafu tuangalie keki ile imekatwa vipande 12. Mtoto aliyekula kipande kimoja amepata robo ya yai, na sukari nyingi juu yake. Angepewa yai zima la kuchemsha angepata kama gramu 6 za protini, zile za kujenga mwili, bila sukari yoyote. Mnaona? Tumelipa yai bei ya yai, na mtoto hakulipata.

Kwa hiyo shauri langu kwa kikundi ni hili. Okeni bila mayai. Zile pesa zisipotelee kwenye sukari. Nunueni mayai machache kila wiki, yagawiwe watoto wa wanachama wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 2, maana hao ndio wanaokonda kwanza njaa ikiingia. Tuliona katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilipokosa, mifugo ikafa, na maziwa yakaisha nyumbani. Yai lichemshwe mpaka kiini kigande, lipondwe kwa uji au kiazi. Wako wanaosema mtoto akila yai atachelewa kusema. Si kweli. Mtoto asiyekula vizuri ndiye anayechelewa mengi. Aliye chini ya miezi 6 anyonye tu, hata maji asipewe.

Haya, jikoni sasa. Yai katika keki lina kazi zake: linashikanisha unga, linasaidia keki kupanda, na linaizuia isikauke. Kazi ya kupandisha tutaipa maziwa lala na soda ya kuokea. Kitu kichachu kikikutana na soda, hewa hutoka, ndizo zile povu mnazoziona. Zile povu ndizo zinazoinua unga.

Keki ya maziwa lala: chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko kidogo 1 cha soda, kiwe bapa, kisiwe na mlima, na chumvi kidogo. Ponda iliki tatu nne utie humo. Chunga vyote pamoja ili soda isambae, la sivyo mtu atauma kipande kichungu. Katika bakuli lingine changanya kikombe 1 cha maziwa lala na robo kikombe cha mafuta ya kupikia au samli iliyoyeyushwa. Mimina kwenye unga, koroga mpaka unga mkavu usionekane, kisha acha. Usipige kama mtu anayekanda chapati, keki itakuwa ngumu. Tena usiweke kando ukaenda kusalimia jirani. Povu lile halingoji mtu. Moto uwe tayari kabla hujachanganya.

Susa ya ngamia inafaa sana hapa, ila ni nyepesi kuliko lala ya ng'ombe, kwa hiyo mimina kidogo kidogo usije ukapata uji. Kama una maziwa mabichi tu, yachemshe, yapoe, ukamulie kijiko kikubwa 1 cha ndimu au siki, ungoje dakika kumi.

Na wakati wa kiangazi, maziwa yakiwa haba? Maziwa yale ni ya mtoto, yasiingie kwenye keki. Tumia kikombe 1 cha maji na kijiko kikubwa 1 cha siki au ndimu, vingine vyote vibaki vile vile. Hata wazungu walifanya hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1941, mtu mzima Uingereza alikuwa akigawiwa kwa kawaida yai moja kwa wiki, na akina mama wa huko waliendelea kuoka keki kwa siki na soda.

Wale mnaokaa karibu na mashamba ya mto Tana mna bahati ya ndizi. Ndizi moja iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, ukiiponda, inashika nafasi ya yai moja kwa kushikanisha, na utapunguza sukari. Ndizi ambazo mchuuzi anataka kuzitupa jioni ndizo bora kwa kazi hii.

Neno moja juu ya soda. Magadi siyo soda ya kuokea. Magadi, yale mawe ya kutoka Ziwa Magadi ambayo watu hulainishia maharagwe, ni makali zaidi. Keki itanuka sabuni. Hata kwa maharagwe nisingeshauri, kwa sababu yanaharibu baadhi ya vitamini. Loweka maharagwe usiku kucha, inatosha.

Oveni hatuna, wala hatuihitaji. Chukua sufuria kubwa kuukuu, tia mchanga mkavu unene wa vidole viwili, funika, weka juu ya jiko la makaa dakika kumi mpaka joto lishike. Paka chombo cha keki mafuta, nyunyiza unga kidogo, mimina, kiweke juu ya mchanga. Funika, halafu palia makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Usifunue kabla ya nusu saa. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva, kwa kawaida ni dakika 35 hadi 45. Iache ipoe kabla ya kukata, maana bila yai keki ya moto humeguka.

Jiko hilo likae nje au kwenye baraza. Nasema hivi kwa uzito. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu akilala ndani pamoja na jiko, mlango umefungwa, huenda asiamke. Hata wakati wa mvua, usiliingize jiko chumbani kwa watoto.

Sasa nimefika pale ambapo najua tutabishana kidogo. Maziwa. Wengi mnaniambia maziwa ya ngamia yakichemshwa yanapoteza dawa yake. Nimesikia hivyo hata kutoka kwa watu waliosoma. Lakini kuna ugonjwa wa bruselosi, ule wa homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma miezi, mtu anatibiwa malaria mara tatu na haponi. Unapatikana kwenye maziwa mabichi, na kuyagandisha peke yake hakutoshi kuua vijidudu vyake. Na homa ya Bonde la Ufa, iliyopiga Garissa baada ya mafuriko ya 1997 hadi 1998, ikarudi 2006 hadi 2007, watu walikufa. Hiyo huletwa zaidi na damu na nyama ya mnyama mgonjwa, na mbu pia, lakini wataalamu wanaonya dhidi ya maziwa mabichi vile vile. Chemsha maziwa mpaka yafure, yaache yapoe, halafu tia vijiko viwili vya lala ya jana, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Siku ya pili una susa safi. Protini haipotei, mafuta hayapotei, na chokaa ya mifupa haipotei. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini, na hizo utazipata kwenye papai la hapa mtoni.

Maji ya mto tia dawa ya maji au chemsha. Kipindupindu kilichoanza mwisho wa 2022 kilifika mpaka kwetu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa unga. Hapo sitakawia, mnajua.

Chai nayo: chai ya rangi kali pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, na mama wajawazito wengi hapa wana upungufu wa damu. Ngojeni saa moja baada ya kula. Unga wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma kwa sheria ya Kenya tangu 2012, kwa hiyo tazameni alama kwenye pakiti kabla ya kununua ule wa kupimiwa.

Na keki, jamani, ni ya kuuza, ya Idi, ya Krismasi na ya mgeni. Chakula cha kila siku cha mtoto ni maharagwe, ambulo, maziwa, mboga, na hilo yai tulilolikomboa.

Makaa naona yameshika. Wa kikundi cha kwanza leteni sufuria ya mchanga, tuanze na keki ya susa. Ya siki tutaoka baadaye, mwonje zote mbili, muamue ipi itauzika sokoni.