Kukiri Kosa kwa Kuelewa

Mvuvi wa Kibajuni kutoka Koyama au Chovai, asiyekijua vema Kisomali, akifikishwa mahakamani Kismayo aweza kuitikia "ndiyo" kwa shtaka asilolielewa. Je, neno hilo moja latosha kumtia hatiani?

Mwaka 1973, katika rufani ya Adan iliyotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu. Shtaka na kila kiini cha kosa vifafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, iandikwe kuwa amekana, kesi isikilizwe.

Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Somalia, lakini hekima yake haina mpaka. Tena hauwahusu mahakimu peke yao. Askari ndiye wa kwanza kumhoji mtuhumiwa. Aliyetishwa kituoni aweza kukiri mahakamani kwa kuhofia kurudishwa kule alikotoka; asiyeelewa aweza kukiri kwa adabu tu. Asiye na hatia akifungwa, mhalifu hubaki huru, na kazi ya askari huwa haijafanyika.