Televizio ya intaneti katika parseli zetu: nani anashika telekomandi?

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana na wazazi wa kwartie, Lubumbashi

 Aksanti kwa kuacha kazi zenu siku ya posho. Tunajua kuna wenye wameacha bukari kwenye moto, hatutawachelewesha.

Leo tumekuja na kakitu kadogo, haka munakaona hapa mkononi. Kanaingia katika mfuko wa suruali. Unakachomeka nyuma ya televizio, kwenye tundu la HDMI, unakaunganisha na Wi-Fi, na televizio yako ya zamani inaanza kuonyesha intaneti. Wengine wanakaita Chromecast, wengine wako na Fire TV, wengine boksi ya Android. Majina ni mengi, kazi ni moja.

Mbona kikundi cha raia kinaongea juu ya televizio? Subirini, mutaona.

Mwaka jana tulichanga makuta tukanunua kamoja. Dekoda ya parseli yenye tunakutania ilikuwa inakatika kila mwisho wa mwezi, na mwenye parseli alikuwa amechoka kulipa chaneli nyingi zenye hakuna mtu anaziangalia. Tukasema: tuachane na hii, tutaangalia kwa intaneti, kila mutu atoe kidogo.

Usiku wa kwanza ilikuwa furaha. Mpira, habari, filamu, batoto wamejaa mpaka mlangoni. Asubuhi tukaangalia simu yenye ilikuwa inatoa intaneti: forfe ya juma nzima imekwisha. Yote! Tulianza kushitakiana. Huyu anasema kuna mwizi, yule anasema kampuni imekula makuta yetu. Muzozo ulichukua siku mbili.

Kisha tukakaa chini tukafanya hesabu, na hesabu ikatuonyesha kosa lilikuwa letu. Sikilizeni vizuri, maana hapa njo watu wengi wanapotea. Mwendo wa intaneti unatangazwa kwa megabiti. Forfe inauzwa kwa megabaiti na giga. Baiti moja ni biti 8. Picha safi kabisa kwenye televizio kubwa inaomba karibu megabiti 5 kila sekunde. Zidisha na sekunde 3600 za saa moja, gawanya kwa 8: umekula giga 2 na robo kwa saa. Mpira wa saa mbili ni giga 4 na nusu. Lakini ukishusha picha mpaka megabiti 1 na nusu, saa ileile inakula megabaiti 675, na mpira wote haufiki giga 1 na nusu. Uso wa mchezaji hauonekani vizuri sana, lakini bao unaliona.

Sisi hatukushusha kitu. Kifaa kilikuwa kinachagua chenyewe picha ya juu. Tena, filamu ikiisha, programu inaanzisha ingine bila kukuuliza. Sisi tulikuwa tumelala, televizio ilikuwa inakula.

Basi haya njo tuliyojifunza. Moja: ingia katika mipangilio ya kila programu, weka picha ya chini au ya kati, na ufunge ile kazi ya kuendelea yenyewe. Mbili: ukituma video kutoka kwenye simu mpaka kwa kifaa kama Chromecast, mara nyingi simu haibebi picha. Inaonyesha tu njia, kifaa chenyewe njo kinaenda kuchukua video kwenye intaneti. Kwa hiyo simu moja itoe partaji, simu ya pili iongoze. Inaleta shida kidogo kuliko kufanya yote na simu moja. Tatu: kama uko na mahali pa Wi-Fi ya bure, ao forfe ya usiku ya bei ya chini, shusha video kule, uweke kwenye kile kiyusb, na uangalie kesho bila kulipa mara ya pili. Nne: televizio ya zamani isiyo na HDMI, yenye matundu ya manjano, nyeupe na nyekundu, haijakufa. Kuna kageuzi kadogo ka kuunganisha.

Tano, hili ni la usalama. Zile boksi za bei rahisi sana, zisizo na jina, zenye zinaahidi chaneli zote za dunia bila kulipa, mujihadhari nazo. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa intaneti walionyesha kwamba kuna boksi za Android zilizouzwa zikiwa na virusi ndani tangu mwanzo. Unaweka humo akaunti yako, namba zako za siri, na hujui nani anasoma. Kwa kijana raia, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwa umeme. Hapa Katanga ndiyo nyumba ya shaba. Laini kubwa inabeba umeme kutoka Inga mpaka kwetu, zaidi ya kilometa 1700, inapita juu ya vijiji vyenye viko gizani. Na sisi wenye tuko kwenye mwisho wa laini, tunaijua delestaji kuliko tunavyojua jina la gavana. Kifaa hiki kinakula umeme kidogo sana, wati 5 hivi. Televizio ndogo ya LED ni wati 40 ao 50. Ruta ni kama 10. Jumla haifiki 70. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50, bila kuishusha chini ya nusu, inaweza kukufikisha saa nne. Tumejaribu, inawezekana.

Lakini tuulizane: mbona raia anunue betri ili aone habari za inchi yake? Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa. Kifungu cha 24 kinasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Hatukuandika sisi. Wao wenyewe waliandika.

Kumbukeni tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu-fainali ya Kombe la Afrika. Wakati wa wimbo wa taifa, Leopards wetu waliweka mkono mmoja kwenye mdomo, na vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bunduki, kwa sababu ya wenye wanakufa kule Mashariki. Tulipoteza mpira 1 kwa 0, lakini ile picha ilizunguka dunia kupitia intaneti. Mwenye anategemea chaneli moja anaona kile mwenye kamera anataka aone. Mwenye ako na intaneti anaweza kurudisha nyuma, kutazama tena, kulinganisha.

Lakini intaneti nayo iko na swichi, na swichi haiko kwetu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, walikata intaneti katika inchi nzima, karibu siku 20. Siku kama ile, kijiti hiki kinakuwa plastiki tu. Njo maana tunawaambia: msitupe redio ya baba.

Na musiseme hatuwezi kitu. Mwaka 2020 walileta kodi ya RAM, wakaanza kukata uniti katika simu zetu bila ruhusa. Watu walilalamika barabarani, redioni, bungeni. Mwaka 2022 ikafutwa. Haikuanguka yenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba vitu vitatu. Kila parseli ishike kayeye kadogo: andika saa umeme umekatika na saa umerudi, andika forfe uliyonunua, bei yake, na siku imekwisha. Baada ya mwezi mmoja tukusanye makayeye yote. Kisha tuandike barua, na majina yetu chini, kwa shirika la umeme na kwa ARPTC, ambayo kazi yake ni kusimamia makampuni ya simu. Bila jiwe, bila matusi, na hesabu mkononi. Mtu akikujibu "munasema uongo", unafungua kayeye.

Sisi tulianza kwa kushitakiana juu ya giga zilizopotea. Hesabu njo ilitupatanisha. Hesabu hiyohiyo inaweza kuwabana wenye wanatuuzia giza kwa bei ya mwangaza.

Mwenye anataka kujua namna ya kuunganisha, abaki hapa, tutamuonyesha bure. Wamama wenye bukari iko kwenye moto, muende, tutapita kwenu kesho. Telekomandi ya nyumba iko kwenu. Ile ya inchi, tutaenda kuiomba pamoja, mpaka watupe.